Ile ardhi ya Palestina hasa ni ya nani? Baraza letu limevunjika jana

kahawa_chungu (Mkunazini)

Asalaam alaykum jamani, na wasiokuwa Waislamu nawasalimu pia.

Jana baada ya isha tumekaa barazani kama kawaida, kahawa inakwenda, kashata zishaisha, mara mtoto wa dada angu yuko kidato cha tatu akaja na daftari lake, mwalim kawapa kazi waandike kwa nini Waarabu na Mayahudi kila mmoja anasema ile ardhi yake. Kosa lake kuuliza mbele ya mjomba. Mjomba angu akiongea hakatizwi, akasema hakuna cha kwa nini, pale pa Waarabu toka dunia kuumbwa, andika hivyo hivyo. Sasa kuna kijana wa bara anafanya kazi hoteli, kapanga nyumba ya pili, mtu mstaarabu tu anakuja kunywa kahawa na sie, akasema kwa adabu kabisa mzee shikamoo, lakini kwenye Biblia Mungu alimpa Ibrahimu na uzao wake. Ewallah! Mjomba kamrukia na maneno ya kila rangi. Nikadhani yamekwisha, kumbe ustadh wetu alokuwa kimya muda wote anachokoa meno akasema taratibu, hata kwenye Qurani, Suratul Maida aya ya 21, Nabii Musa anawaambia watu wake waingie ardhi takatifu alowaandikia Mwenyezi Mungu. Baraza zima kimya. Hata muuza kahawa aliacha kugonga vikombe.

Mjomba akanyanyuka, akatia miguu kwenye makubadhi, akenda zake. Kofia kaiwacha.

Sasa mie nauliza wenye kujua, historia tu sio matusi, nani alikuwepo mwanzo, nani alikuja baadae, na hiyo 1948 ilikuwaje hasa, mana klipu za watsap kila mtu ana yake na zote zina muziki wa huzuni. Mtoto anatakiwa apeleke kazi Jumatatu.

---

simba_wa_konde

Topiki ya nini hii sasa. Ni ya Wapalestina, kwisha. Mtu akija kwako akakwambia babu yangu aliishi hapa miaka elfu mbili iliopita utampisha? Mie nampokea na panga. Admini funga uzi.

---

kahawa_chungu

Panga liweke kwanza kaka, hatujafika huko.

---

mwalim_mstaafu_wete

Mwanangu kahawa chungu, mie nimesomesha historia skuli za huku Pemba mpaka nikastaafu, basi nitajibu ninavyoweza, simu yangu kioo kimepasuka kwa hivyo mkiona herufi zimeruka mstahamili.

Mjomba wako kakosea, mpe salamu zangu. Mayahudi wana asili pale na asili yenyewe ni ya zamani mno. Kuna jiwe la Firauni mmoja wa Misri aitwae Merneptah, la mwaka 1208 hivi kabla ya Kristo, limetaja Israeli kama watu waliokuwepo nchi ya Kanaani. Baadae pakawa na falme mbili, ya kaskazini ikaangushwa na Waashuri mwaka 722 K.K. na ya kusini, Yuda, yenye Jerusalem, ikaangushwa na Wababeli 586 K.K., watu wakachukuliwa mateka. Mfalme wa Uajemi akawaruhusu warudi, wakajenga upya hekalu lao, na hilo ndo Warumi walolichoma moto mwaka 70 wa Milaadi. Wakaasi tena 132 mpaka 135, Kaisari Hadrian akawapiga vibaya, akawakataza kuingia Jerusalem na jimbo lote akalibadilisha jina likawa Syria Palaestina. Jina lenyewe la Palestina hakulibuni yeye, Mgiriki Herodotus alishalitumia karne ya tano kabla ya Kristo, lakini Hadrian alilitia rasmi na wengi wanaona shabaha yake ilikuwa kulifuta la Yudea. Kwa hivyo anaesema Mayahudi wamezuka pale juzi anabishana na mawe.

Lakini huyo kijana wa hoteli nae asikenue meno mapema. Kabla ya Bani Israil walikuwepo Wakanaani, na mji wa Jerusalem umetajwa kwa jina kwenye barua za udongo zilizokutwa Misri za karne ya 14 K.K., kabla hata ya hilo jiwe. Na baada ya Hadrian nchi haikubaki tupu. Mayahudi wakabaki Galilaya, wakawepo Wasamaria, Wakristo wakazidi, wengi wanazungumza Kiaramu na Kigiriki. Sayyidna Umar alipofika Jerusalem mwaka 638 hivi alokabidhi mji ni Patriaki Sophronius, Mkristo, si Myahudi.

Na hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Wanadhani Umar alikuja na majahazi ya Waarabu wakamwaga wenyeji wote baharini kisha wakakaa wao. Haikuwa hivyo. Jeshi lilikuja, watawala walikuja, makabila kadhaa yalikuja, lakini mkulima alibaki na jembe lake, kisha kwa miaka mia tatu mia nne lugha yake ikageuka Kiarabu na wengi wao dini ikageuka pia. Mtazameni mtu wa Makunduchi anaekwambia mie Mshirazi. Ana damu ya Shirazi labda tone, labda hana kabisa, lakini yuko pale toka enzi na msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria. Utamwambia arudi Uajemi? Basi na Mpalestina hivyo hivyo, katika mababu zake wamo Waarabu waliokuja na wamo Mayahudi na Wakristo wa zamani walobaki wakasilimu au wakabadili lugha tu. Wataalamu wa vinasaba wamepima pande zote mbili na wanakuta asili ya Shamu, yaani Palestina, Syria na jirani zake, kwa wote. Wale watu ni mabinamu kweli kweli, si kwa Nabii Ibrahim tu.

Charji inakwisha, narudi baada ya umeme.

---

Mgeni_Tomondo

Habari zenu wakuu. Mimi ndo yule kijana wa hoteli 😂 Nilikuwa Mkunazini nimehamia Tomondo ndo maana jina liko hivi, halafu nikarudi, ila tuachane na hayo. Mzee amwambieni kofia ninayo, niliiokota nikaiweka kwenye mfuko safi, nitaileta.

Mimi nilitaja Biblia kwa sababu ndo nimelelewa nayo ila naelewa kwa asiyeiamini haimfungi. Basi niweke Biblia pembeni. Watu wanaongea kama vile Wayahudi waliondoka mwaka 135 halafu wakarudi 1948 na meli, hapana, wapo waliobaki nchini miaka yote, kwa nyakati mbalimbali Yerusalemu, Safed, Tiberia, Hebroni, wachache lakini wapo. Walio nje wakisali wanaelekea Yerusalemu, na Pasaka yao wanaimaliza kwa kusema mwakani Yerusalemu, kila mwaka, vizazi na vizazi, kwenye baridi ya Urusi huko na joto la Yemen. Mwishoni mwa karne ya 19, kabla Mwingereza hajakanyaga, mjini Yerusalemu kwenyewe Wayahudi ndo walikuwa wengi kuliko Waislamu na kuliko Wakristo. Mji tu lakini, sisemi nchi nzima.

Halafu muangalie walikuwa wanakimbia nini. Kishinev, mji wa dola ya Urusi, mwaka 1903 waliuawa Wayahudi 49 ndani ya siku mbili tatu, majirani zao waliowazoea. Theodor Herzl, Myahudi aliyeanzisha harakati ya kutaka dola yao, aliandika kitabu chake 1896 na mkutano wake wa Basel, Uswisi, ukawa 1897, na hoja yake ilikuwa rahisi, kwamba hata ukijifanya Mfaransa kuliko Mfaransa mwenyewe siku ikifika watakukumbusha wewe ni nani. Ikaja kuwa kweli, Hitler akaua milioni sita. Na 1939, mwaka mbaya kuliko yote, Uingereza iliyokuwa inatawala pale ikatangaza wataingia Palestina Wayahudi 75,000 tu kwa miaka mitano. Mtu anakimbia moto mlango unafungwa.

Na kingine ambacho hapa barazani sijawahi kusikia kikisemwa. Nusu ya Waisraeli hawakutoka Poland. Kuna watu wa Sana'a ya Yemen, Baghdad, Cairo, Morocco. Iraq peke yake zaidi ya laki moja waliondoka 1950 na 1951, sheria ikatungwa mali zao zikafungiwa, wametoka na begi moja. Nao walikuwa na nyumba na maduka, na Baghdad walikaa toka huo utumwa wa Babeli anaousema mwalimu.

---

simba_wa_konde

Kwa hiyo auwe Mjerumani alipe Mpalestina? Si wangewapa Bavaria, kuna mvua na ng'ombe wazuri.

---

Mgeni_Tomondo

Hapo kaka sina jibu zuri. Mwaka 1905 walikataa kwingine kote, walitaka pale.

---

bi_karafuu

Salaam alaykum. Nimesoma toka juu, kazi nzuri mwalim, na wewe kijana wa hoteli umesema vizuri hasa hilo la Baghdad, na wewe simba punguza chumvi.

Lakini nyote mnazungumza mababu na manabii. Mie nimekaa kwenye faili za ardhi ujana wangu wote, karani, na ardhi ninavyoijua mie haina habari na nabii wa mtu. Ardhi inauliza maswali matatu, nani kaandikwa, nani amelima, na siku ya vurugu nani alikuwa ndani.

Nikupeni mfano wa huku kwetu Pemba. Wageni hawajui, hapa mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe mbali mbali, shamba la fulani lakini mikarafuu ya fulani. Kulikuwa na kesi ya mzee mmoja, sitaji wapi, kaja bila karatasi hata moja. Hakimu kamwambia ushahidi wako nini, mzee kaanza kuitaja mikarafuu mmoja mmoja, huu kapanda mama mwaka wa ndui, huu umepigwa radi ukachipua kwa upande wa kibla, huu mwanangu alianguka akavunjika mkono, kataja yote ile, mahakama nzima tunamsikiliza yeye tu. Upande wa pili wakatoa hati moja, ya Kiarabu, ina muhuri, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Mnajua hakimu aliangalia nini. Kisha juu ya yote hayo likaja la baada ya Mapinduzi, ardhi ikawa ya serikali na watu wakagaiwa eka tatu tatu, nimeona kwa macho yangu shamba moja lina watu watatu, mwenye hati ya zamani, mwenye miti na mwenye eka tatu, na hakuna hata mmoja muongo.

Sasa njooni Palestina. Mwaka 1858 dola ya Uthmania, ya Waturuki walokuwa wakitawala pale, ikatoa sheria kila ardhi iandikishwe, upewe tapu, yaani hati. Mkulima akaona hii ni mbinu ya kumpata kwa kodi na kumpeleka mwanawe jeshini. Akakaa kimya. Ardhi ikaandikishwa kwa jina la shekhe, au tajiri wa mjini, au kwa watu walioko Beirut huko ambao tope la pale halijawahi kuwagusa viatu. Ukoo wa Sursock wa Beirut ukapata sehemu kubwa ya bonde wanaloliita Marj ibn Amir, bonde zuri. Wakulima wakabaki wanalima vile vile kama babu zao, hawakuona tofauti, wanatoa fungu la mavuno tu.

Ikafika miaka ya 1920 Sursock akauza. Mnunuzi ni ule mfuko wa ardhi wa Mayahudi, pesa zikalipwa, tena nzuri, karatasi safi haina doa. Mnunuzi anataka ardhi haina mtu ndani kwa sababu anataka walime watu wake. Mkulima akaambiwa toka. Sasa Myahudi akisema sie hatukuiba, tulinunua kwa jasho letu, ni kweli. Na Muarabu akisema nilifukuzwa kwenye shamba alolima babu wa babu yangu, ni kweli. Wanazungumza shamba lile lile! Mie nikiwasikiliza wakigombana kwenye tivi nahisi niko masjala.

Ila msije mkadhani nchi yote ilinunuliwa. Mpaka 1947 ardhi alokuwa nayo Myahudi kwa hati ilikuwa kama 7 katika mia. Mwaka huo huo Novemba 29 Umoja wa Mataifa wakapiga kura kuigawa, 33 wakakubali, 13 wakakataa, 10 hawakupiga upande wowote, na dola ya Kiyahudi ikapangiwa kama 55 katika mia, nao wakati ule ni thuluthi moja ya watu. Waarabu wakakataa. Vita, ndo hiyo 1948. Kufika mwisho wake Wapalestina zaidi ya laki saba hawako majumbani kwao, wengine walikimbia risasi, wengine walitolewa kwa bunduki, na walotaka kurudi wakazuiliwa. Na hapa ndo yakaja makaratasi yalonikalisha chini siku nilosoma: mwaka 1950 Israeli ikatunga sheria ya mali za wasiokuwepo. Mtu alotoka kijijini kwake akenda kujificha kijiji cha pili, vita vikaisha, bado yumo humo humo nchini, kapewa na uraia, lakini kwenye faili la ardhi kaandikwa hayupo. Mali yake inakwenda kwa msimamizi. Wanaitwa waliopo wasiokuwepo. Ukarani wangu wote sijaona kitu kama hicho.

---

kahawa_chungu

Bi mkubwa hiyo ya yupo hayupo nimeisoma mara tatu. Nimemsomea mama angu kasema lahaula.

Kijana wa hoteli kasema 1905 walikataa kwingine. Si ndo ile ya Uganda? Mie nikidhani uzushi wa watsap.

---

mwalim_mstaafu_wete

Umeme umerudi.

Si uzushi, na wala si Uganda ya leo. Waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, mwaka 1903 alimpa Herzl fikra ya kuwapa Mayahudi eneo la Uasin Gishu, sasa hivi ni Kenya, huko Eldoret kwa wanariadha. Ilikuwa baada ya mauaji ya Kishinev na Herzl akaona bora popote kuliko kaburini. Mkutano wao ukagawanyika vibaya, wajumbe wa Urusi walilia machozi, ikapelekwa tume ya watu watatu kuangalia, na 1905 wakaikataa, Herzl mwenyewe keshafariki. Mie skuli nilikuwa nawauliza wanafunzi wangu, katika habari yote hii nani hamjamsikia? Wanakaa wanafikiri. Alikuwa akijibu mtoto mmoja wa nyuma, Wanandi na Wamasai. Hakuna aliewauliza. Mwingereza kasimama London anatoa Eldoret kama anavyotoa kashata.

Basi na miaka 14 baada ya fikra hiyo, Novemba 2, 1917, Balfour, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, kaandika barua fupi mno kwamba serikali yao inaunga mkono makao ya taifa la Mayahudi Palestina. Wakaazi wengine, ambao ni tisa katika kumi, hawakutajwa kwa jina, kaandika tu jumuiya zisizo za Kiyahudi, na walilindiwa haki za kiraia na za dini. Haki ya kisiasa, yaani kuulizwa, haimo. Na kabla ya hapo, 1915 na 1916, wakamwandikia Sharif Hussein wa Makka kumuahidi dola ya Kiarabu, na wakakaa na Mfaransa faragha kuigawa Shamu yote. Mali moja wateja watatu. Waingereza walipohesabu watu 1922 walikuta kama laki saba na nusu, Mayahudi ni kama elfu 84 katika hao.

Lakini nnayotaka mtoto aandike siku ya Jumatatu si Balfour, Balfour kila mtu anaandika. Nataka amuandike Yusuf Diya al-Khalidi. Huyu alikuwa meya wa Jerusalem, mtu wa ukoo mkubwa, mbunge wa bunge la Uthmania, msomi wa lugha. Machi 1899, hapo hata Mwingereza hayupo, kamwandikia barua kwa Kifaransa rabi mkuu wa Ufaransa, Zadok Kahn, ili imfikie Herzl. Na ndani ya barua hakusema kama mjomba. Alikiri kabisa kuwa kihistoria ile nchi ni ya Mayahudi, nani atakataa haki yao, fikra yenyewe nzuri. Kisha akasema ila sasa ina watu wengine, ni sehemu ya dola ya Uthmania, na haiwezi kuchukuliwa bila nguvu na damu, tafuteni pengine, Palestina iwacheni na amani yake.

Herzl akamjibu mwezi huo huo kwa adabu sana. Akamwambia msihofu, tutakuja na mali na akili, thamani ya ardhi zenu itapanda, nani atataka kukutoeni?

Na si Muarabu peke yake aloona. Myahudi mmoja mwandishi mkubwa, Ahad Ha'am, alikwenda 1891 akarudi akaandika kuwa sie huku nje tunadhani kule jangwa tupu, si kweli, ardhi ya kulimika isiolimwa ni taabu kuipata, na akawakemea wenzake wanavyowatendea wakulima wa Kiarabu. Kwa hivyo pande zote mbili walikuwepo wenye macho, mapema, na hawakusikilizwa.

Mie naamini al-Khalidi kamaliza kesi kwenye karatasi ile. Mtu anaweza kuwa na asili ya kweli pahala na asiwe na ruhusa ya kumtoa aliemo.

---

zenji_damu

Mwalim hilo la mwisho liseme na hapa kwetu basi, mana kuna watu walitolewa 64 wana asili na wana hati na

[komenti imekatwa na admini]

---

Admini_baraza

Komenti tatu nimefuta, mbili za zenji damu moja ya simba. Uzi huu ni wa Palestina. Atakae kufungua mambo ya zama za siasa afungue uzi wake na ajue nitaufunga.

---

ukhti_saida

Samahanini nachelewa, watoto walikuwa hawajalala.

Mie nilisoma Sudan na chumba kimoja nilikaa na binti wa Kipalestina, kazaliwa kambi ya Ain al-Hilweh, Lebanon, na mama ake kazaliwa hapo hapo kambini. Siku ya kwanza nimemuuliza unatoka wapi, nikitegemea aseme Lebanon, kajibu Saffuriya. Hajawahi kuiona. Nikamwambia iko wapi, kaichora kwenye bahasha, hapa Nazareth, hapa sisi, hapa chemchem, hapa mashamba ya makomamanga, na makomamanga yao yalikuwa maarufu hayo akiyasema mpaka mate yananitoka. Bibi ake alikuwa akila komamanga la sokoni Saida anatema kokwa anasema hili si komamanga. Kijiji kilikuwa na watu zaidi ya elfu nne, Julai 1948 kikapigwa mpaka na ndege, wakatoka usiku, bibi alikuwa na unga kwenye sufuria kakanda tayari kwa asubuhi. Na unga ule ndo alokuwa akiusema mpaka anakufa, si nyumba, si shamba, eti unga ulichacha.

Siku hizi juu ya kijiji pamepandwa misonobari na kwengine kuna watu wanakaa, wanapaita Tzippori. Ndugu zao wengine walibaki wako Nazareth, mtaa mzima, wanapaona kwa mbali. Hao ndo waliopo wasiokuwepo anaowasema bi karafuu.

---

mwalim_mstaafu_wete

Ukhti, Mungu akujaalie kheri, na sitaki nikuharibie kisa chako lakini nitaongeza kitu kuhusu kilima hicho hicho. Tzippori ndo jina la kale, Warumi na Wagiriki wakiita Sepphoris. Huko ndiko alikokaa Rabi Yehuda HaNasi, mwisho wa karne ya pili na mwanzo wa ya tatu, yule aloikusanya Mishna, ambayo ni msingi wa fikihi yote ya Mayahudi. Ni kama vile sie tukisema hapa ndipo pahala imamu wetu alipokaa kuandika. Chini ya udongo kuna sakafu za sinagogi zina vijiwe vya rangi. Kwa hivyo Myahudi akisimama pale akasema hapa kwetu hasemi uongo, na huyo binti wa chumba chako akichora bahasha hasemi uongo, na wote wananyooshea kidole kilima kimoja.

---

Mgeni_Tomondo

Mwalimu hii nilikuwa siijui kabisa. Nimeiangalia kwenye ramani sasa hivi, kilima kidogo tu.

---

simba_wa_konde

Sawa lakini Rabi keshakufa miaka 1800 na yule bibi unga wake ulichacha juzi. Mie nabaki nilipo.

---

bi_karafuu

Leo umesema la maana simba, na bila panga.

---

kahawa_chungu

Jamani ahsanteni. Mtoto keshaandika kurasa nne, kamuweka al-Khalidi mwanzo kama alivyosema mwalim, na kamuongeza bibi wa Saffuriya bila kuuliza mtu. Mjomba hasomi simu kwa hivyo nimemprintia komenti zote kwa mjukuu wa jirani, nimemsomea baada ya alasiri. Kwa mwalim kaguna. Kwa Rabi kaguna zaidi. Kwa bi karafuu kaninyamazisha, nirudie la Sursock. Nimerudia. Basi kauliza, wale wakulima wa bonde, miti yao walilipwa?

---

bi_karafuu

Mwambie mjomba kauliza swali la mwenye shamba. Baadhi yao walipewa pesa kidogo wahame, nyingi zikaliwa na madeni. Wengi wakaishia Haifa kutafuta vibarua, wakakaa kwenye vibanda vya mabati nje ya mji, na imamu alokuwa akiwafuata huko huko vibandani kuwasomesha ni Sheikh Izz al-Din al-Qassam, Waingereza wakamuua Novemba 1935. Mwaka uliofuata ndo ukaripuka uasi mkubwa.

---

kahawa_chungu

Nimemsomea na hii. Kakaa kimya muda, kisha kauliza kofia yake iko wapi.